Kompyuta Tuliyoinunua kwa Chumvi

Mashine kuu ilikufa Jumatatu asubuhi, niko peke yangu ofisini. Ilikwaruza ndani kama kokoto kwenye kopo, ikanyamaza. Maandishi kwenye kioo cha kompyuta yangu yakaganda pale pale, na dakika chache baadaye karani wa ghalani akaja mbio kuniuliza nimefanya nini.

Sikuwa nimefanya kitu. Nilikuwa karani wa kiwanda cha chumvi huko Gongoni, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na kila siku nilitoka kwetu Mambrui kwenda kazini. Niliajiriwa kupiga chapa. Kompyuta zilipoletwa mimi ndiye niliyezizoea upesi, basi zikawa mzigo wangu. Zilikuwa tatu: moja ofisini, moja ghalani, moja kwenye chumba cha pampu. Zote zilivuta habari kwa waya kutoka mashine moja iliyohifadhi mafaili yetu. Siku hizi watu huiita seva. Sisi tuliiita mashine kuu.

Mafaili hayo yalikuwa na habari za kila shamba la chumvi: liliingizwa maji ya bahari siku gani, maji yamekolea kiasi gani, livunwe lini. Mashamba yalikuwa mengi, yametandaa meupe mpaka macho yanauma, na masika yalikuwa karibu. Mvua ikiikuta chumvi haijavunwa, inaiyeyusha, na kazi ya miezi inarudi baharini.

Fundi wa kompyuta alikuja kutoka Mombasa siku ya tatu. Akafungua kifuniko, akanionyesha kutu ilivyotapakaa.

"Imeliwa na chumvi," akasema. "Diski haifai tena. Nunueni nyingine."

Meneja wetu akapiga simu makao makuu. Alipoiweka chini uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Fedha za mwaka huu zimekwisha kwenye pampu mpya. Turudi kwenye madaftari."

"Madaftari yapi, bwana? Tumeacha kuyaandika tangu mwaka juzi."

Akachukua kofia yake, akatoka kwenda mashambani.

Dada yangu wakati huo alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Watamu. Nilipomsimulia, akasema, "Mbona sisi tumebadilisha kompyuta juzi tu? Ile ya zamani iko stoo, imefunikwa vitambaa vya meza." Kisha akaendelea na habari zake nyingine, akalalamika kwamba mtambo wao wa kulainisha maji ya kisima umekosa chumvi, na wageni wanagombana na sabuni isiyotoa povu.

Nilimkatiza. "Rudia hapo penye chumvi."

Asubuhi nikaingia kwa meneja bila kubisha hodi. Nikamweleza habari za ile hoteli ya Watamu: tusiinunue mashine yao, tuibadilishe kwa chumvi. Alinitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Fedha sina. Chumvi ninayo. Haya, nenda."

Niliingia Watamu na lori limeshapakiwa chumvi. Msimamizi wa stoo alikuwa mama wa makamo, mnene, ana mafunguo kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyeniletea lori la chumvi ambalo sikuliagiza?"

"Ni mimi. Nataka ile kompyuta iliyolala stoo kwako."

Akaizunguka ile chumvi, akaonja chembe moja. "Malori mawili."

"Moja nimelileta. La pili utaliona mashine ikishafanya kazi kwetu."

"Na isipofanya kazi?"

"Basi hili moja ni sadaka yangu kwenu."

Alicheka mpaka mafunguo yakalia. Akaenda kwa mkubwa wake, akarudi na barua ya ruhusa iliyopigwa muhuri. Nilirudi nimeipakata ile kompyuta, imeviringishwa blanketi, na baada ya daraja la Sabaki kila shimo la barabara nililisikia kifuani.

Nilikuwa naiweka mahali pa ile ya zamani, kando ya dirisha, sauti ikanizuia. Ilikuwa ya fundi wetu wa pampu, Mgiriama mtu mzima, mpole, aliyekuwa akipambana na kutu tangu kiwanda kianze.

"Hapo italiwa kama mwenzake, mwanangu. Upepo wote wa mashamba unapita dirishani hapo."

Tukaihamishia chumba cha ndani, chenye kuta nene za mawe na kisicho na dirisha. Akatengeneza fremu ya mbao mlangoni, akaiwamba kitambaa cha pamba, na nyuma yake akaweka feni ili hewa iingie imechujwa. Siku ya pili kitambaa kilikuwa kimekakamaa kwa chumvi. Akanigeukia. "Umeona?"

Kazi yangu ilikuwa ndani ya kasha. Nilikuwa na kitabu cha maelezo cha Kiingereza, kamusi na bisibisi. Kutoka mashine iliyokufa nilichomoa kadi ya kuunganishia waya. Meno yake yalikuwa yameota ukijani, nikayasugua kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa. Mara ya kwanza haikuitika. Mara ya pili pia. Nikagundua nimeichomeka kadi nusunusu. Nikaisukuma kwa kidole gumba, nikawasha, na kutoka ghalani nikasikia karani akipiga kelele, "Inasoma! Wallahi inasoma!"

Lakini ilikuwa tupu. Nakala za mafaili nilizokuwa nikizitoa kila Alhamisi zilikuwa kwenye flopi kumi, nami nikaanza kuziingiza moja moja. Ya saba ikagoma. Nilijaribu mpaka machozi yakanilenga. Kumbukumbu za mashamba ya upande wa kaskazini zote zilikuwa humo.

"Mashamba ya kaskazini?" fundi wa pampu akauliza. "Njoo."

Alinipeleka nyuma ya chumba cha pampu. Ukuta mzima ulikuwa na mistari ya makaa, safu juu ya safu. Kila alipofungulia shamba maji alichora alama yake, na kila siku iliyopita akaongeza mstari. Hakuna aliyemtuma. Alisema hakuwahi kuiamini mashine.

Nikasimama juani na daftari, yeye akinisomea ukuta. Jioni ile kompyuta zote tatu zilionyesha kila shamba, na asubuhi wavunaji wakatumwa panapostahili. Rundo la mwisho lilifunikwa turubai, na siku mbili baadaye mvua ikaanguka. Lori la pili lilikwenda Watamu kama nilivyoahidi.

Mwezi uliofuata fundi wa Mombasa alirudi na makaratasi ya bei ya mashine mpya. Akakuta kompyuta zinafanya kazi.

"Nani ameunganisha hii?"

Meneja akanielekeza kwa kidevu.

Fundi aliichungulia mbele na nyuma, akatikisa kichwa. "Haitafika Idi."

Ilifika Idi hiyo, na nyingine nne baada yake. Siku ile sikubishana naye. Nilimmiminia chai, kisha nikamwonyesha namna ya kukifua kile kitambaa cha mlangoni.