Mkono wa Gauni la Sista Mkuu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kinyongo chake ni kirefu kuliko uzi wa kwenye bobini. Mimi ni mke wa kaka yake, tumerushiana maneno tangu niolewe, kwa hiyo msidhani namsingizia. Ukimkosea leo atakuchekea, atakuuliza hali ya watoto, kisha atakaa kimya akikusubiri kama paka kwenye tundu la panya.

Duka lake ni chumba kimoja karibu na hospitali: cherehani, meza ya kukatia, na sumaku iliyofungwa kamba. Nguo haitoki pale kabla haijapitishiwa sumaku hiyo ndani na nje, kuokota pini zilizosahaulika.

"Mteja akichomwa na pini yangu," husema, "afadhali nifunge duka nikauze maji."

Figo zake zilipogoma, alianza kwenda kliniki ya kusafisha damu, inayotazamana na hospitali. Wakampasua mkono wa kushoto, wakaunga mishipa ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Mkono ukawa unanguruma. Ukigusa na kidole unausikia kabisa, kama cherehani iliyo kazini.

"Sikiliza, wifi," alikuwa akiniambia. "Mimi hata nikilala nashona. Wewe ukilala ni kukoroma tu."

Mkono wa namna hiyo haupimwi presha wala hauwekwi dripu. Ukibanwa au ukichomwa ovyo, damu inaganda na mkono unakufa. Kliniki wanajua, hospitali wanajua. Lakini hospitali na kliniki ziliishi kama wake wenza walionuniana: kati yao barabara tu, na habari zote alizibeba mgonjwa mdomoni.

Sasa siku moja mgonjwa akafika hospitali hana mdomo. Homa ilimpanda wifi akawa anaita watu waliokwisha kufa. Mume wangu alimfikisha wodini, akakimbilia dawa. Mimi nafika na shuka, nakuta dripu iko mkono wa kushoto, na juu yake kipimo cha presha kimeubana kama chatu.

"Toeni! Huo ni mkono wa mashine!"

Sista Mkuu wa wodi hakuinua hata macho. "Hatukuambiwa."

"Na kovu lote hilo? Si mngepigia kliniki simu?"

"Mama, kliniki wana wagonjwa wao, na sisi tuna wetu. Hatukuambiwa."

Nikavuka barabara mbio hadi kliniki. Nesi wa mashine akashika kiuno. "Kumbe amelazwa? Sisi tulidhani amesafiri. Hatukuambiwa!"

Homa iliposhuka, wifi alifumbua macho, na kabla hata ya kuomba maji akaweka kidole kwenye mkono wake. Akakisogeza. Akakisogeza tena.

"Wifi," akasema, "umenyamaza."

Alilia kidogo sana, kama mtu anayebana matumizi. Halafu akajifuta. "Nani?"

Nikamwonyesha kwa mdomo. Akamtazama Sista Mkuu kutoka mabegani hadi miguuni, polepole, kama anayempima nguo.

Walimpasua mkono wa kulia, ule wa kushikia mkasi. Daktari akamwambia autunze, maana wa tatu hana. Tangu hapo wifi akawa anaogopa homa kuliko kaburi. "Nikizimia tena," aliniambia, "watanimalizia na huu. Kisha nishone kwa meno?"

Basi Mungu si Athumani. Nani aliyeingia dukani na kitambaa cha satini kwapani? Sista Mkuu! Binti yake anaolewa, na yeye anataka gauni la kutikisa ukumbi. Hakumtambua wifi. Kwa watu wengine, aliyelala kitandani na aliyesimama mezani ni watu wawili.

"Mikono mirefu, fundi. Iwe ya kubana kidogo."

"Itabana, dada yangu. Wewe usijali."

Ulimi wangu uliniwasha nikataka kusema. Wifi akanikanyaga mguu.

Mkesha wa harusi Sista Mkuu akaja kujaribu. Mkono wa kulia ukapita vizuri. Wa kushoto ukafika kwenye kiwiko ukagota. Akasukuma, akavuta, akageuka geuka mbele ya kioo kama kuku aliyenaswa kwenye wavu.

"Fundi! Huku kumeshonwa kukazibwa!"

"Ala?"

"Harusi ni kesho! Fundi gani wewe hujui kwamba mtu ana mikono miwili?"

"Sikuambiwa," akasema wifi.

Akakunja mkono wa blauzi yake, akamwekea lile kovu la kushoto chini ya pua. "Gusa. Palikuwa na cherehani humu. Wewe ndiye uliyeizima."

Sista Mkuu alibaki nusu ndani ya gauni, nusu nje. Nami nilivuta kigoda nikakaa vizuri. Sikutaka kukosa kitu.

"Ungekuja kunilalamikia wodini, mama."

"Ungeniambia nini? Si ni lile lile? Sikiliza. Utavuka barabara uende kliniki. Ukae na nesi wa mashine akueleze kila mgonjwa wake ana mkono upi. Mpeane namba. Mgonjwa wa mashine akiingia wodini kwako, unampigia nesi simu kabla ya sindano, na mgonjwa akitoka unampigia tena. Nesi mwenyewe akiniambia mmekubaliana, nafumua."

"Unanitesa kwa harusi ya mwanangu?"

"Eeh."

Alikwenda akibamiza mlango. Baadaye simu ikaita, na nesi wa mashine akawa anacheka hata maneno hayatoki: "Fundi, umemfanya nini huyu mama? Kaja kama kafukuzwa na nyuki! Tumekubaliana yote, na namba nimempa." Wifi akachukua kiwembe, akafumua, akashona upya, akapiga pasi. Gauni likaondoka likimeremeta.

Homa ikarudi msimu wa mvua. Nilikuwa naye wodini. Nesi mgeni akaja na dripu, akaukunjua mkono wa kulia, na kutoka mwisho wa wodi ikasikika sauti iliyotikisa vioo: "Weee! Acha huo! Hujasikia kliniki wamesema nini?"

Alikuwa Sista Mkuu, simu bado ipo sikioni. Akaja mwenyewe, akauweka mkono wa wifi juu ya mto kama yai, dripu akaiweka kwingine. Nikagusa kwa kidole. Unanguruma.

Sista Mkuu hakuondoka. Alikuwa anajisugua kiwiko cha kushoto.

"Fundi," akanong'ona, "lile gauni… kwenye mkono kulikuwa na pini. Kila nilipopiga makofi, inanichoma. Harusi nzima!"

Wifi, pamoja na homa yake, akafumba macho kama malaika.

"Masikini. Mimi sikuambiwa."

Sumaku ilikuwa mezani mkesha ule. Niliiona kwa macho yangu. Haikuguswa.