Pumzi Yake Kati ya Spika Mbili

Nilibonyeza kitufe cha kucheza kanda, nikarudi kwenye kiti changu, nikangoja mke wangu avute pumzi. Akakohoa mwanamume.

Kikohozi kile nilikijua kabla mwenyewe hajasema neno. Kilikuwa cha shemeji yangu wa Sirisia, kaka mkubwa wa mke wangu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya baba yao. Akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili. Inashika?" Mtu mwingine akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na hii si ile kanda ya marehemu dada?" Shemeji akajibu bila haraka yoyote, "Hiyo si tumeshasikia asubuhi. Nimeziba matundu. Wacha mheshimiwa aongee."

Kisha diwani akaanza kusalimia waombolezaji. Alianza na wazee, akaja kwa akina mama, akaja kwa vijana, akamaliza na wale waliotoka mbali. Sauti yake ilitoka safi sana. Nilisikia mate yakimezwa. Nilisikia karatasi aliyoshika ikipigwa na upepo. Mashine yangu haikuficha kitu.

Sikuizima. Nilisikiliza upande mzima, nikidhani labda atachoka mahali fulani anyamaze, na pale atakaponyamaza mke wangu awe bado anaimba. Diwani hakuchoka.

Mimi shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo nitaeleza tu vile mambo yalikuwa.

Tulikuwa na shamba huko juu kwenye mteremko wa mlima. Fujo zilipofika kwetu tulitoka na nguo tulizovaa. Nyumba iliungua na picha zetu zote, hata ile moja ya harusi. Tulishuka Kitale, tukapanga chumba cha mabati Matisi, na mwaka haukuisha kabla kifua hakijamchukua mke wangu. Mimi nikabaki. Watu wananiambia nishukuru Mungu kwa kubaki, na mimi nawajibu asante, kwa sababu ndivyo watu hujibu.

Kitu kimoja kilitoka na sisi bila kupangwa. Koti lake la kanisa lilikuwa na kanda ya kaseti mfukoni. Mtu alikuwa amerekodi kwaya yao kwenye harusi ya jirani, akampa moja. Yeye aliimba sauti ya pili, ile ambayo hakuna mtu anaisikia mpaka ikosekane. Lakini kuna wimbo mmoja ambapo wengine wote wananyamaza na yeye anauanzisha mstari wa tatu peke yake.

Kwenye redio ndogo niliyokuwa nayo, hicho kipande kilitoka kama mtu anayeongea ndani ya debe. Nilijua ni yeye kwa sababu nilijua. Mgeni angekaa pale hangejua kama ni mwanamke au ni mtoto. Hapo ndipo nilianza kutafuta vyombo vya kweli. Nilifanya kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi, kelele mchana kutwa, na jioni nilitaka kitu kimoja tu: kumsikia vile alikuwa.

Nilienda kwanza duka kubwa la vifaa vya umeme hapo Kitale mjini. Muuzaji alinionyesha mtambo unaong'aa, taa za bluu na nyekundu zikikimbizana, na kibandiko kimeandikwa nguvu ambayo ingesukuma hata kinu chetu. Akaweka muziki wake wa kucheza. Vioo vya kabati vikatetemeka. Nikamwomba aweke kanda yangu. Akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Mzee, ati kwaya? Hii mashine ni ya besi bana. Utaionea."

Akaiweka hata hivyo. Kilichosikika ni mdundo wa ngoma ya kanisani, dum dum dum, na kwaya nzima ikiwa nyuma ya mlango. Mke wangu hakuwemo kabisa. Nikainua ule mtambo kwa mikono miwili kuona uzito wake. Ulikuwa mwepesi kama katoni ya biskuti. Nikauweka chini, nikachukua kanda yangu, nikaondoka. Tangu siku hiyo kila duka niliingia na kanda yangu, na swali langu lilikuwa moja: anasikika? Sikuuliza habari ya taa, wala nguvu, wala ni mtindo wa mwaka gani.

Mke wangu nilimpata Bungoma. Kuna mtu alikuwa na kibanda nyuma ya soko, akiuza vyombo vilivyotumika ng'ambo, vingi vimevunjika. Chini ya meza alikuwa ameweka amplifaya ya zamani, nyeusi, haina taa ila moja ndogo, na vitufe vyake vya kuzungusha ni vya chuma. Aliniambia wazi kwamba imekaa pale muda mrefu na hakuna anayeitaka, kwa sababu vijana wanaiona kama sanduku la fundi. Nikaiinua. Ilinivuta mgongo. Nikafikiri, huyu ana kitu tumboni. Tuliiunganisha na deki yake ya kaseti na spika mbili za mbao alizokuwa akijionea nazo mpira. Nikaweka kanda.

Ulipofika ule wimbo, kwaya ikanyamaza, na kabla ya mstari wa tatu nikasikia pumzi. Pumzi tu. Alivuta hewa kwa pua, kidogo, vile alifanya kabla ya kunyanyua mtungi. Miaka yote ya kanda ile sikuwahi kujua kwamba hiyo pumzi iko mle ndani.

Yule mtu aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nataka vyote.

Sikuweza kuvibeba vyote mara moja. Nilichukua amplifaya kwanza, ikakaa kwangu imefunikwa kitambaa, haina cha kuongea nacho. Baadaye nikaenda kuchukua spika, lakini si zile za mpira. Hizo alikuwa ameshauza. Nikachagua nyingine nikijua sasa cha kutazama: nikabonyeza karatasi ya katikati polepole kwa vidole, irudi yenyewe bila kukwaruza, nikatazama ule ukingo unaoizunguka, kama umekauka na kupasuka au bado ni laini, nikagonga sanduku lake, kama linalia kama debe au linanyamaza kama mlango mzuri. Deki ilikuja mwisho. Nilichagua yenye tundu moja tu la kanda, kwa sababu zile za matundu mawili alizokuwa nazo zilivuta kanda vibaya, sauti ikipanda na kushuka kama mtu amelewa.

Nyumbani nilifunga waya, nikaketi, na mambo yakawa mabaya. Sauti ilikuwa kubwa lakini haina mwili, kama watu wawili wamegeuziana mgongo. Nilikaa na hasira muda mrefu nikidhani nimeibiwa. Kumbe waya wa spika moja nilikuwa nimeufunga kinyume, mwekundu mahali pa mweusi. Nilipougeuza, mke wangu akatoka kwenye yale masanduku akaja kusimama katikati, hapo kando ya kabati, mahali ambapo hakuna spika. Sijui nieleze vipi. Nilitazama hapo.

Nikajenga vimeza vya matofali ili spika zisiguse sakafu. Nikazisogeza mbali na ukuta. Mabati nikayatundikia blanketi, kwa maana mabati yanarudisha sauti kama mtu mjeuri. Kichwa cha deki nikawa nakipangusa kwa pamba na spiriti. Na vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda nikavivunja, ili mtu yeyote asije akairekodi juu yake. Hivyo ndivyo kanda hulindwa. Nilidhani nimemaliza kila kitu.

Kisha baba mkwe akafa.

Shemeji alikuja Matisi yeye mwenyewe. Alikaa, akanywa chai, akatazama spika. Akaniambia kamati imeona tusikodishe vyombo, kwa sababu vyombo viko kwa mkwe. Nikamwambia hivi si vya uwanjani, ni vya chumba. Akaweka kikombe chini, akaniambia mama yao ametuma neno. Amesikia kwamba kwangu kuna sauti ya bintiye, na anaomba aisikie siku ya kumzika mumewe.

Sasa, msomaji wa mbali aelewe. Kwetu mtu hamkaribii mama mkwe wake. Hamsalimii kwa mkono, hali naye, na akimwona njiani anapisha. Miaka yote ya ndoa mama huyu hakuwahi kuniomba hata chumvi. Nitakataa vipi neno lake la kwanza?

Nilipeleka vyote kwa pikapu ya kukodi, vimefungwa kwenye magodoro. Nilimwelekeza shemeji kila kitu. Jenereta ikae mbali na itulie kwanza kabla ya kuwasha. Mvua ikija, funika kwanza mashine ndipo ufunike watu. Kitufe cha sauti nilikitia alama ya rangi ya kucha, kisipite hapo. Na kanda ichezwe mara moja, itolewe, irudi kwenye ganda lake. Alisema, "Shemeji, unaongea kama unaacha mtoto mchanga. Wacha woga."

Mashine ikawekwa barazani, kando ya jeneza, na mama mkwe akakaa hapo hapo barazani. Mimi nikapelekwa kwenye hema la wakwe, ng'ambo ya ua, penye migomba. Toka hapo hadi mashine yangu palikuwa karibu, ningeweza kurusha jiwe likafika. Mimi mwenyewe singeweza kufika.

Asubuhi walicheza kanda. Sauti ilivuka ua, na niliposikia kwaya inanyamaza nikainamisha kichwa. Mama mkwe aliita jina la bintiye mara moja. Wakwe wenzangu wawili walinishika bega. Kama siku ingeishia hapo, ningewapa watu wa Sirisia vile vyombo vikae milele.

Alasiri diwani akaja, amechelewa, na akataka kuongea. Nilimsikia toka hemani, kila neno wazi, hata wazee waliokaa nyuma kabisa hawakuhitaji kuinua masikio. Mkwe mmoja akaniambia, "Bana, hii mashine yako iko sawa." Na mimi nikajivuna. Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Nilikaa pale nikijivunia usafi wa sauti ile, na kila neno alilosema lilikuwa linamfuta mke wangu.

Kwa maana maikrofoni walikuwa wameichomeka kwenye deki, na maikrofoni ya deki ile haitoi sauti mpaka ubonyeze kurekodi. Na kurekodi hakukubali kanda iliyovunjwa vijimeno. Kwa hivyo shemeji alipobonyeza, kitufe kikagoma. Kitufe kilimwambia hapana. Hakuenda sokoni, ambako kanda tupu zilining'inia kwenye kila kioski. Nilikuja kuambiwa kwamba alimwomba katibu wa kanisa selotepu, ile waliyokuwa wakifungia maua ya jeneza, akaziba matundu mawili yaliyoachwa na vijimeno, vizuri kabisa, amelainisha na kucha. Akabonyeza tena.

Vyombo vilirudi Matisi bila mkwaruzo. Kitufe cha sauti hakikupita alama yangu. Alifuata maagizo yangu yote, na kanda ilirudi kwenye ganda lake.

Nilipompigia simu aliniambia pole, ilikuwa haraka ya siku ya msiba. Akaniambia pia kwamba maneno ya mheshimiwa yalikuwa muhimu, kwa sababu aliahidi daraja. Nikamwuliza kama daraja limejengwa. Akasema nisichanganye mambo. Kwenye kikao cha ukoo alisema kanda ilikuwa ya zamani na labda ilijifuta. Katibu wa kanisa akasema hakumbuki selotepu. Diwani sikumwuliza, yeye aliongea tu mahali alipopewa, lakini yule aliyempa namjua, na yule aliyetoa selotepu namjua, na yule aliyeuliza kama ni kanda ya dada kisha akanyamaza, sauti yake ninaijua pia. Wote watatu wanashika vitabu vya nyimbo kanisani kila Jumapili.

Wengine wananiuliza kwa nini sikutoa nakala. Kutoa nakala kungenifanya nimwachie mtu wa dukani kanda yangu, naye akae nayo na kuichezea. Niliogopa watu wa dukani. Hao wa nyumbani sikuwaogopa.

Sasa limekuja neno lingine. Mama mkwe ametuma tena, kupitia mke wa jirani anayeuza mboga Kitale. Anauliza ni lini mkwe ataleta ile sauti tena, kwa sababu tangu siku ile anaisikia kichwani tu na anaogopa kuisahau. Hajaambiwa. Hakuna hata mmoja wao aliyemwambia. Na mimi siwezi kuvuka ua ule, wanajua siwezi, ndiyo maana wamenyamaza.

Shemeji, kanda ninayo. Selotepu yako sijaitoa, na alama ya kucha yako iko juu yake. Njoo Matisi. Kiti kiko katikati ya spika, mahali pazuri. Utakaa, utasikiliza upande mzima kama mimi, utajisikia ukisema mmeshasikia asubuhi. Kisha utaichukua kanda kwa mkono wako, urudi Sirisia, uingie nyumbani ambako mimi siingii, ukae mbele ya mama yako, umwambie ni nani aliyefuta mtoto wake. Mimi sitaki pole. Nataka umjibu mama yako.