Dobi wa Picha za Nyota

Saa moja asubuhi, darubini ndiyo kwanza zinafumba macho. Mapaa ya chuma yanajifunga kwa mlio mrefu, mafundi wa zamu ya usiku wanateremka kilima wakipiga miayo, na mwanamke mmoja mwenye sweta la kijani anapishana nao akipanda, thamosi ya chai kwapani.

"Dobi, leo tumekuletea chafu kweli kweli," fundi mmoja anamwambia. "Upepo haukutupa nafasi."

"Zilete tu," anajibu bila kusimama. "Ndizo zinazonilisha."

Hakuna nguo mahali hapa. Chumba anachokifungua kina meza tatu, kompyuta, birika la umeme na dirisha linalotazama mapaa meupe ya kituo cha kuchunguza nyota. Anachofua yeye ni picha. Kila kinachonaswa usiku na vyombo saba vya kituo hiki hupita kwanza katika programu aliyoiandika na wenzake wawili, ndipo wataalamu wakione.

Anafungua picha moja ikiwa ghafi. Inafanana na dirisha la gereji. Kuna viduara vya vumbi kama alama za glasi mezani. Kuna mikwaruzo myeupe, iliyoachwa na chembe zilizosafiri kutoka mbali angani zikaigonga kamera. Kona moja imefifia. Na picha nzima ina chengachenga, maana kamera hunung'unika yenyewe hata ukiifungia gizani.

Anaandika neno moja: loweka. Kisha fua. Kisha suuza. Mwisho, anika. Hayo ndiyo majina aliyozipa hatua za programu yake, na watafiti wanaokuja hapa kutoka mbali imewabidi wayajifunze, wapende wasipende.

Picha inarudi. Giza limekuwa giza. Nyota zimejaa hata jicho halijui lianzie wapi, na nyuma ya nyota kuna vidoa hafifu ambavyo kila kimoja ni mkusanyiko wa nyota zisizohesabika. Mwaka wa sita huu anaifanya kazi hii, na bado chai inampoa mkononi.

"Sijazoea," anasema. "Siku nikizoea, nitaomba kazi benki."

Jina la Dobi hakulipata ukubwani. Mama yake alifua mashuka ya nyumba za wageni kwa mikono, na yeye alisoma kwa hayo mashuka, kuanzia daftari la kwanza hadi chuo. Wenzake shuleni walimwita mtoto wa dobi ili kumkera. Alipoajiriwa kituoni na kuulizwa kazi yake ni nini hasa, alijibu kwamba yeye ni dobi, na tangu hapo hakuna anayemwita vingine.

Alikuta kila chombo kina chumba chake, programu yake na mtu wake. Vyumba saba, kila kimoja na namna yake ya kufua, na funguo za maarifa hayo kichwani mwa mtu mmoja. Kijana aliyeandika programu ya chombo cha nne alipohamia benki, chombo hicho kilikaa msimu mzima kikipiga picha ambazo hakuna aliyejua kuzisafisha.

"Darubini nzima, nzima kabisa, lakini kipofu," anasema Dobi. "Kwa sababu mtu mmoja kabadilisha kazi."

Ndipo alipoiomba kamati ya kituo imruhusu ajenge sehemu moja ya kufulia vyote. Wengi walikubali. Mmoja aligoma, na huyo ndiye mwenye chombo kikongwe kuliko vyote.

Wanamwita Mzee Shata. Ameilea kamera yake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na programu yake aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Alimwambia Dobi mbele ya kamati kwamba mtoto aliyemlea mwenyewe hampeleki kwa jirani kuogeshwa.

Kamati ikakata shauri kwa jaribio. Kamera ya Mzee Shata na kamera mpya ya darubini ya pili zingetazama nyota moja usiku mmoja, nyota ambayo sayari yake hupita mbele yake na kuufifisha mwanga kidogo. Picha za kamera zote mbili zingefuliwa na programu mpya. Zikikubaliana, vyombo vyote saba vitahamia chumba kimoja. Zisipokubaliana, mradi unafungwa, Dobi na wenzake wanarudi nyumbani, na vyumba saba vinabaki saba.

Hazikukubaliana.

Kamera mpya ilionyesha kivuli cha sayari kikiingia. Ya Mzee Shata ilionyesha kivuli kile kile, umbo lile lile, lakini kimechelewa dakika kumi. Anga moja, kilima kimoja, nyota moja. Haiwezekani.

"Binti," Mzee Shata alimwambia kikaoni, taratibu, "umechanganya nguo za watu."

Watu walicheka. Dobi hakucheka. Kamati ilimpa wiki moja aonyeshe kosa liko wapi, na mwenzake mmoja akaanza kimyakimya kuuliza nafasi za kazi kwingine.

Aliipekua programu yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Hakuona kitu. Mama yake, anayeishi naye sasa kwa sababu vidole vimegoma kukunjuka, alimkuta kaegemea sinki na vyombo havijaoshwa, akamwambia kwamba yeye shuka zikigoma kutakata alikuwa anaacha kusugua, anajaribu shuka nyingine.

Kesho yake Dobi aliachana na usiku ule wa jaribio, wa picha za dakika kumi kumi, akachukua mwingine wa zamani, ambao kamera zote mbili zilipiga picha za dakika tano tano. Pengo likawa dakika tano. Akachukua wa picha za dakika mbili. Pengo, dakika mbili.

Pengo lilikuwa sawasawa na urefu wa picha.

"Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena," anakumbuka. "Nikaenda kwa mzee. Sikwenda kikaoni. Nilikwenda chumbani kwake, na chai."

Alimuuliza swali moja tu: kamera yake, ikipiga picha, huandika saa ipi?

"Ya mlango kufungwa," Mzee Shata alijibu. "Ipi tena? Picha haijawa picha mpaka mlango wa kamera ufungwe. Mtoto huandikiwa siku aliyozaliwa."

"Wenzetu wa kamera mpya wanaandika mlango ukifunguliwa, mzee."

Anasema mzee aliweka kikombe chini, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Kisha akacheka hadi katibu wa chumba jirani akachungulia mlangoni.

"Kwa hiyo nani kakosea?" akauliza.

"Hakuna, mzee. Kila mtu yuko sahihi nyumbani kwake."

Walikubaliana palepale: saa ya picha, kwa vyombo vyote, iwe ya katikati, baina ya kufunguliwa na kufungwa. Dobi aliandika mistari michache kwenye kompyuta ya mzee, mzee akiwa amemwinamia begani. Wakafua upya.

Vitone vya kamera mpya, kila kimoja kipimo cha mwanga wa picha moja, vilijipanga kwenye kioo cha kompyuta. Kisha vikaja vya kamera kongwe, kimoja kimoja, vikakaa juu ya wenzao. Mwanga wa nyota ulikwenda sawa, ukabonyea polepole kama godoro linapolaliwa, ukabaki chini, ukainuka. Mabonde mawili yalikuwa bonde moja.

Kile kibonyeo kidogo kilikuwa dunia nyingine ikipita mbele ya jua lake, na mwanga ulioileta habari hiyo uliondoka huko kabla bibi yake Dobi hajazaliwa, ukasafiri mwendo wote huo, ukaingia milango miwili kwenye kilima hiki kwa wakati mmoja.

"Na sisi tulikuwa tunagombania saa," Mzee Shata alisema hatimaye.

Kikaoni alisimama yeye mwenyewe akaeleza. Kisha akamgeukia Dobi. "Mwogeshe mtoto. Lakini maji yasiwe ya moto."

Leo vyombo vyote saba viko chumba kimoja, na akiondoka mmoja, chombo chake hakifi macho. Kinachomkosesha Dobi usingizi sasa ni kabati la Mzee Shata, lenye picha za miaka mingi ambazo hazijawahi kufuliwa kwa namna moja. Darubini zitakapofungwa ili vioo vyake vipakwe fedha upya, ataanza nazo.

Majuzi alimleta mama yake kituoni. Mama alikaa mbele ya kompyuta, akatazama picha chafu, akatazama safi, akanyoosha kidole kilichopinda kwenye kidoa kimoja.

"Na ukikosea ukaitoa nyota ukidhani ni doa?"

"Ndiyo maana chafu hatuitupi hata moja, mama. Anayekuja baada yetu anaweza kufua upya."

Mama akauliza kama wana picha ya usiku aliomzaa Dobi. Mzee Shata, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita, alikwenda kabatini akakaa huko muda mrefu. Alirudi na jibu kwamba usiku ule kamera ilikuwa wazi, na picha ipo.

"Nilijua," mama alisema. "Hapakuwa na wingu hata moja. Nilikuwa naona dirishani."

Hiyo ndiyo picha ambayo Dobi ataanza kuifua. Anataka kuiweka kwenye fremu, aitundike juu ya kitanda cha mama yake.

Mama ana sharti moja tu. "Usiipige pasi sana," alimwambia wakiteremka kilima, mkono begani mwa binti yake. "Iachie makunyanzi kidogo, nijue ni ya kwetu."