Siku Nyangeta Alipoliona Ziwa

Enzi zetu mtoto hakuulizwa anataka kutembelea wapi. Aliambiwa "oga", akaoga, akapakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, akafuata. Ndivyo nilivyomfanyia mdogo wangu Nyangeta asubuhi ile pale Bunda, mimi nikiwa kidato cha kwanza, yeye na miaka sita.

"Oga, twende Musoma ukaone ziwa."

Sikumwambia lililobaki. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, na siku ya kumaliza msiba wazee wa ukoo walikaa wakatugawa, kama walivyozoea kugawa ng'ombe wa marehemu. Mimi nibaki kwa baba mkubwa nisome, Nyangeta aende Nyegina kwa mama mdogo. Tungemkuta stendi ya Musoma saa tisa. Mfuko niliobeba ulikuwa na nguo zote za Nyangeta.

Mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, upepo ulijaa harufu ya dagaa walioanikwa. Nyangeta alipanda juu ya jiwe, akatazama maji mpaka yanapoishia, akauliza kwa sauti, "Dada, lambo hili nani kachimba?"

Akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa walicheka mpaka wakakaa chini. "Nyie wa ng'ombe! Kwenu mlikuwaga mnachota maji wapi?"

"Kwenye lambo," akajibu bila aibu, nao wakaanza upya. Mmoja wao akatupatia sato wa kukaanga.

Tulikula tumeloweka miguu majini. Nilipogeuka nikamwona anafunga mkia wa samaki kwenye gazeti.

"Huu tutakula kesho asubuhi, na uji."

Kesho. Hakuwa na shaka nayo hata kidogo.

Saa tisa mama mdogo alikuwa stendi na mwamvuli wake. Nyangeta akamwamkia, kisha akaenda kuchungulia kuku waliofungwa miguu kando ya basi.

"Mama mdogo, narudi naye," nikasema.

"Wazee walishaamua. Baba yako mkubwa hana nafasi ya wawili. Utamlaza wapi?"

"Nyumba ya mama ipo. Nitakaanga vitumbua niuze."

"Na shule?"

Nikaukumbatia ule mfuko. Akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Haya. Ila yeye asome. Umenisikia? Yeye asome."

Ndani ya basi Nyangeta aliuliza, "Dada, mbona tulibeba nguo zangu zote?"

"Ungelowa, ungebadilisha nini?"

Akaridhika. Akalala mapajani mwangu, mkia wa samaki ukinuka basi zima.

Sikurudi shule. Yeye alisoma, na sasa ni mwalimu Dar es Salaam.

Watoto wa siku hizi wanaliona ziwa kwenye simu kabla hata hawajanawa uso. Wakifika Musoma wanaligeuzia mgongo, wanapiga picha, wanaondoka na miguu mikavu. Hakuna wa kuwacheka, maana wanajua kila kitu.

Juzi Nyangeta alinitumia picha ya bahari, chini ameandika, "Dada, na hili nani kachimba?" Nikacheka, nikageuka nimwonyeshe mtu. Nyumba ya mama imebaki na mimi tu.

Sijawahi kumwambia siku ile tulikwenda kufanya nini. Anajua tulikwenda kuona ziwa, na inatosha. Ila asubuhi mkono wangu bado unapima unga wa uji wa watu wawili.