Leso Juu ya Tableti

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Mama mrefu wa miaka sitini na kitu, kitambaa cha kichwa kimeshuka karibu na nyusi, anafuata barabara ya vumbi inayoingia sokoni Katangi. Mbele ya kifua amebeba kitu kilichofungwa kwa leso. Amekishika kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyetumwa sufuria ya uji wa moto akaambiwa ukimwagika usirudi. Watu wanamsalimu, naye anajibu kwa kidevu tu, macho yako kwenye mzigo. Anampita kinyozi, anampita mama wa ndizi, mpaka duka la nafaka la Wangare. Hapo anasimama mlangoni na kukohoa.

"Uko peke yako?"

"Niko na magunia yangu, Mama Kalunde. Hayo hayapeleki umbea. Ingia."

Huyo mwenye mzigo ndiye Mukai, mjane, mkulima wa mahindi na mbaazi, tena msusi wa vyondo ambaye mkonge umemla vidole tangu usichana wake. Wangare alikuja huku kwetu Yatta kutoka Murang'a na biashara ya maharagwe, akamzika mume hapa, akabaki. Urafiki wao ulikuwa ule wa kutukanana asubuhi na kugawana chumvi jioni.

Leso ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na tableti mpya, kioo chake bado kimevaa nailoni.

"Hii imenunuliwa na nani?"

"Muthoka."

"Mkwe wako? Basi huyo ni mkwe. Mimi wangu aliniletea mwavuli, tena umetoboka."

Siku nyingine Mukai angecheka. Kalunde, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepelekwa India kupasuliwa moyo, na Muthoka, mume wa Kalunde, alikuwa huko naye. Kabla hawajaondoka kwao Syokimau, Kalunde alikuwa amesema neno moja: hataki kuingia chumba cha upasuaji kabla hajauona uso wa mwaitu. Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Kwa sababu ya neno hilo Muthoka alinunua tableti, akaendesha gari hadi Katangi, akaiweka juu ya jiwe nje ya geti la Mukai, akaita, kisha akageuka akatazama barabara mpaka mama mkwe alipotoka, akaichukua, akarudi ndani.

Ndiyo, umesoma vizuri. Aliiweka juu ya jiwe na kugeuza mgongo. Nitakueleza hilo muda si mrefu, usichoke nami.

Kwanza mafunzo. Wangare aliyageuza madebe mawili, wakaketi.

"Bonyeza hapa ubavuni. Shikilia. Usiachilie haraka, si makaa hayo."

Kioo kikawaka. Mukai akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyefunuliwa chungu usoni. Akaambiwa aguse, akagusa, tableti ikanyamaza. Akagusa tena.

"Hii kitu inanidharau."

"Unagonga na kucha. Kioo hakijui kucha. Tumia nyama ya kidole."

Lakini nyama yenyewe ilikuwa imegeuka gamba kwa kusokota mkonge. Wangare akamwambia alowanishe kidole kidogo kwa ulimi. Hapo kioo kikakubali.

"Sasa pangusa. Nimesema pangusa, Mama Kalunde, husongi ugali."

Siku hiyo walijifunza kuwasha, kuzima na kuchaji kwa sola, na kwamba ule mchoro wa betri ukiwa mwekundu ni njaa. Siku ya pili walijifunza kupokea simu. Kijani ni karibu, nyekundu ni kwaheri. Wangare akaenda kujificha nyuma ya magunia ya mahindi akapiga kwa simu yake. Tableti ikalia, Mukai akalamba kidole, akagusa kijani, na uso wa Wangare ukajaa pale, mkubwa, meno yote nje.

"Na huyu mzee wa huku kwa kona ni nani?" Mukai akauliza.

"Ni wewe."

Mukai akajitazama kwa muda. "Kwa hivyo yeye pia ananiona?"

"Vile unamwona, ndivyo anakuona."

Mukai akakikaza kitambaa cha kichwa.

Basi simu za India zikaanza, na zikawa tamu. Kalunde alikuwa akishika simu mwenyewe, mto mweupe nyuma yake. "Wi museo, mwaitu?" "Ni museo, mwana wakwa." Wakishajuliana hali waliongea habari za mbuzi, za mvua iliyokataa, za chakula cha hospitali ambacho Kalunde alisema kina pilipili ya kuamsha maiti. Kila mara kabla ya uso wa Kalunde kuonekana, Mukai alisikia mlango wa huko ukifungwa. Ni Muthoka huyo, alikuwa akitoka chumbani. Hakuna aliyemwambia atoke.

Sasa lile nililokuahidi. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni aibu, lakini ni aibu iliyovishwa heshima. Mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali meza moja. Vijana wengi wameacha, na hata pasta alishasema madhabahuni kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mukai alimsikiliza pasta na kusema amina. Lakini akiwa bibi arusi aliwahi kumwona mama yake mzazi akikutana na mkwewe, mume wa Mukai, kwenye njia ya mtoni. Njia ilikuwa nyembamba, huku na huku michongoma. Mama yake akaingia ndani ya michongoma, akasimama humo na kugeuza mgongo mpaka mkwe akapita, kisha akatoka na damu miguuni na kuendelea na safari yake ya maji, akiimba. Mukai hakuona utumwa pale. Aliona mtu akimpenda mkwewe kwa namna pekee aliyofundishwa.

Na Muthoka, msomi wa Syokimau mwenye gari, alimlipa Mukai kwa sarafu hiyo hiyo. Alimjengea tangi la maji kwa wiki nzima bila kumwona hata ukingo wa kitambaa. Akifika alikohoa getini. Mukai alipitia mlango wa jikoni. Wawili hao walikuwa wanajuana kwa vikohozi na nyayo, na walipendana sana.

Kalunde akazidi kudhoofika. Simu zikawa fupi, muuguzi mmoja akawa ndiye anayemshikia. Mwishowe akasema, sauti imebaki uzi, kwamba upasuaji ni Alhamisi, mchana. "Nitakupigia kabla, mwaitu. Uwe karibu."

Mukai alimwomba Wangare waketi pamoja Alhamisi hiyo. Wangare alikubali, lakini alfajiri akaitwa Matuu, mnunuzi wa mahindi yake alikuwa anataka kuondoka. Akapitia kwa Mukai akiwa na haraka.

"Nitarudi kabla ya saa sita. Na hata nikichelewa, kijani ni nini?"

"Ni karibu."

"Basi wewe sasa ni mwalimu. Mimi nisubiri tu cheti."

Hospitali haikungoja mchana. Nafasi ilipatikana mapema, wakaamua kumwingiza mgonjwa asubuhi. Na asubuhi hiyo Mukai alikuwa chumbani mwake anaoga kwa karai, ajiandae kwa mtoto wake. Kichwa kilikuwa wazi, mvi zote nje, leso imefungwa kwapani, mabega matupu yenye maji. Tableti ilikuwa kitandani, imeunganishwa na sola. Ikalia.

Akaiendea mbio, kidole kimelowa tayari. Kijani.

Uso wa Muthoka.

Muuguzi alikuwa ameitwa kwingine, na Kalunde hakuwa na nguvu ya kushika hata kijiko. Muthoka alikuwa ameishika simu yeye, akitafuta jinsi ya kuigeuza kuelekea kitandani, na kwa kuitafuta alikuwa ameinamia kioo, uso mzima, macho yamevimba, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu. Huyo hapo, ndani ya chumba cha kulala cha mama mkwe wake, juu ya kitanda chake. Naye Mukai, kwa kona ile ndogo, alijiona alivyo.

Alibonyeza nyekundu. Nataka ujue hakufikiri. Kabla akili haijatoka mlangoni, mwili ulikuwa umeshaingia michongomani.

Ikalia tena. Safari hii alivuta leso nyingine kutoka kwenye kamba akaifunika tableti yote, akaingiza mkono chini yake, akagusa mahali alipojua pana kijani.

"Mama," sauti ya Muthoka ikasema chini ya kitambaa. Hakuwahi kumwita hivyo moja kwa moja. "Mama, wanamchukua sasa hivi. Yuko hapa. Ongea naye."

"Mpe," Mukai akasema, uso ameelekeza ukutani. "Mpe simu."

"Hawezi kushika, mama. Mimi ndiye nimemshikia."

Kulikuwa na vyuma vinagongana, na watu wanaongea lugha isiyojulikana. Kisha ikaja ile sauti ya uzi.

"Mwaitu?"

"Niko hapa, mwana wakwa. Niko hapa hapa."

"Mwaitu, ni giza. Sikuoni."

Mukai akashika pembe ya leso akaiinua. Kitandani kule kulikuwa na nyuso mbili shavu kwa shavu, ya Kalunde, ndogo, imekuwa kama ya mtoto, na ya Muthoka juu yake akilia wazi, akimtazama mama mkwe machoni. Mkono wa Mukai ukaachilia. Leso ikaanguka palepale ilipokuwa.

"Sikuoni, mwaitu," Kalunde akasema tena.

Mukai alianza kuhangaika. Alichukua kitambaa cha kichwa akajifunga, akajitupia sweta mabegani, akafumba macho, akajiambia nitaifunua nikiwa nimefumba, yeye anione hata kama mimi simwoni. Hilo lilikuwa wazo zuri. Lilipomjia na akaivuta leso, kioo kilikuwa cheusi. Netiweki ilikuwa imekatika, ama wao walikuwa wamekata. Mpaka leo hajui.

Akakaa akingoja ilie. Kupiga yeye mwenyewe hakujua, walikuwa bado hawajafika somo hilo. Mwishowe aliifunga kwenye leso akaenda dukani kwa Wangare, akakuta kufuli. Akakaa kwenye ngazi. Wangare aliporudi alimkuta pale, sweta imevaliwa nje ndani.

Alisikiliza yote, kisha akapiga, akapiga, hakuna aliyeshika.

"Kuna mahali unabonyeza," Wangare akasema baadaye, polepole, "unabaki na sauti tu. Huoni na huonekani. Ama unaweza kumwambia ageuze kamera, unamwona mtoto peke yake. Ni kidude kidogo hapa chini."

"Mbona hukunionyesha?"

"Sikujua ungekihitaji. Wahenga walisema heshima si utumwa, Mama Kalunde. Ule ulikuwa uso tu wa mtu."

"Wewe huwezi kuelewa."

"Siwezi. Lakini ningekuwa hapa ningeishika hiyo kitu mimi. Badala yake nilikuwa Matuu nikibishana juu ya magunia." Akajipangusa uso kwa aproni.

Jioni Muthoka alimpigia Wangare, si Mukai. Kalunde hakuamka.

Mwili uliletwa kwa Mukai, akazikwa nyuma ya tangi lile. Kaburini Mukai alisimama upande mmoja na Muthoka upande mwingine, kila mmoja anatazama udongo. Watu wa zamani walisema, tazama, hata kwa msiba huu wamejua kuheshimiana. Mukai alisikia sifa hiyo, akatamani asingeisikia.

Jambo moja lilimla. Je, mtoto aliingia kule akiamini nini? Kwamba mama amekasirika? Kwamba mama hakutaka kumwona amekonda? Alimtuma Mbinya, shangazi yake Muthoka, akamuulize mkwe: Kalunde alisema nini baada ya simu kukatika?

Mbinya alirudi na jibu ambalo Mukai hakulitarajia. "Anasema alisema kitu. Lakini anasema maneno ya marehemu hawezi kuyatuma kama kifurushi. Anasema utayasikia kwake, uso kwa uso, ama hutayasikia."

"Anataka kuniadhibu?"

"Sijui, dada. Nadhani hata yeye yamemlemea."

Na ndiyo maana leo, Jumamosi, Muthoka amefika Katangi. Gari lilisimama, mlango wake ukafungwa, nyayo zile anazozijua zikaja. Hakukohoa. Alifungua geti mwenyewe, akavuka uwanja, akaja mpaka mlangoni pa sebule, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, akasimama bila kugeuza mgongo.

"Mama," akasema, "nimekuja."

Mukai yuko upande wa pili wa mlango. Mkono mmoja uko kwenye komeo. Wa pili umekwenda kichwani, unakivuta kitambaa kishuke, kifunike macho, kisha unasita hapo kwenye nyusi. Akifungua akiwa ametazama, atapata maneno ya mwisho ya mtoto wake, yawe ya kumponya au ya kummaliza, na nthoni ile iliyomfanya aiachilie leso ianguke itakuwa imevunjwa kwa mkono wake mwenyewe, wakati kuivunja hakumfai tena Kalunde. Asipofungua, Muthoka atarudi Syokimau na maneno hayo.

Wewe uliyeketi nami mpaka hapa, mkono huo ungekuwa wako, ungeupeleka wapi?