Televisheni Iliyogeuzwa Dirishani

Sijawahi kukaa mahali pamoja miezi sita. Malaba nilikuwa na wiki ya tatu tu, na tayari nilikuwa nimeanza kutazama malori yanayorudi Nakuru, nikijiuliza ni lipi lina nafasi. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kitu chochote chenye menyu nitakifungua mpaka mwisho wake. Ndivyo nilivyojifunza kurusha picha ya simu kwenye televisheni, katika loji moja ya wageni ambako madereva waliokwama kwenye foleni ya mpaka walitaka kuona mpira.

Wakala mmoja wa forodha alinikuta pale.

"Boss, hiyo kitu unaweza kuifanya kwangu?"

Mkewe alikuwa Uarabuni mwaka wa pili, akifanya kazi za nyumbani. Mama wa mkewe, mkulima wa Angurai, macho yalikuwa yamechoka. Kwenye simu alimwona bintiye kama moshi. Binti kila mara alisema yuko sawa, na mama hakuamini. Alitaka kumwona uso vizuri, ajue. Binti angepiga simu ya video Jumapili saa tisa.

Nilifika mapema. Nilijaribu kebo kwanza, lakini simu ya wakala ilikuwa ya bei ya chini, tundu lake lilijua kuchaji tu. Nikaingia kwenye menyu ya televisheni, nikawasha sehemu ya kupokea picha bila waya, simu na televisheni zikapatana. Mama alipofika nilimwekea kiti mbele kabisa, nikamkaribisha.

Alisimama mlangoni.

"Kijana, hii ni nyumba ya nani?"

"Ya mkwe wako, mama."

"Na wewe unaniambia nikae kwa sebule yake?"

Wakala alikuwa ameshatorokea chumba cha nyuma. Kwao, mama haingii nyumba ya mume wa bintiye hivi hivi, wala yeye na mkwe hawatazamani usoni. Mila hiyo nilikuwa nimeisikia njiani. Haraka yangu ndiyo iliyonisahaulisha. Naye wakala hakunionya, maana hapa nani asiyejua?

Zilibaki dakika kumi. Kuitoa televisheni nje haikufaa, jua lingefuta picha yote. Nilifungua skrubu za ukutani, nikaiweka mezani, nikaigeuza ielekee dirishani na kufungua vioo. Mama akakaa nje, kwenye kivuli cha paa, nikampa simu ya mkwe wake.

Ilipolia, uso wa binti ulijaa televisheni. Sauti ilibaki kwenye simu, kwa hiyo mama aliishikilia sikioni, na midomo kwenye televisheni ilichelewa nyuma ya maneno.

"Mama, naona sikio tu. Angalia simu."

"Nikiangalia simu sikuoni. Wewe angalia sikio."

Binti alicheka. Mama hakucheka. Alisogea mpaka paji lake likagusa nondo za dirisha.

"Geuka kidogo. Hiyo shingo."

Mifupa ya bega ilikuwa imetoka. Nyuma yake kulikuwa na godoro jembamba, limebanwa kati ya maboksi ya sabuni.

"Unalala hapo?"

"Niko sawa, mama."

"Sijauliza kama uko sawa."

Binti aligeuka kulitazama godoro. "Ndio. Nalala hapo." Kisha mtu akamwita kwa ukali, na picha ikapotea.

Nilianza kukusanya bisibisi zangu. Miguu ilikuwa inaniwasha, nilitaka barabara.

"Kijana," mama aliniita. "Mwambie mwenye nyumba mkewe amekonda. Amrudishe."

Chumba cha nyuma kilikuwa hatua sita, na ukuta ni wa mabati. Alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo nilienda, nikamwambia.

"Mwambie mama nimesikia," alisema, akitazama sakafu. "Mwezi ujao nitaenda Nairobi, kwa ile ofisi iliyompeleka Uarabuni."

Nikampelekea mama.

"Mwambie mimi sijui mwezi ujao."

Nilirudi kumwambia. Nilimkuta ameketi kitandani, begi la safari likiwa kando yake, anafunga kamba za viatu.