Scope yangu ilikuwa ya boma, majirani wakaja na ng'ombe wao

Wakuu, heshima zenu. Miaka yote nasoma nyuzi zenu nikiwa kimya, leo acha na mimi niseme. Ni kweli tupu, na mjinga kwenye hadithi ni mimi.

Mimi ni developer, niko Kakamega mjini. Nilikuwa natengeneza app ya Daktari Muhonja, mama anayetibu mifugo upande wa Shinyalu.

Screen tatu: ng'ombe ni yupi, ana hali gani, apewe dawa gani. Zote zinaletewa rekodi moja kwa dependency injection, yaani hakuna screen inayojitengenezea yake. Swali ni moja tu: hiyo rekodi ife lini?

Mwanzoni ilikuwa singleton, inaishi mpaka app ifungwe. Hiyo nilishtukia mapema: hali ya ng'ombe wa boma moja ingefuata mpaka boma la pili. Nikaipa scope, yaani mpaka wa uhai wake, ya boma: daktari akiingia bomani inazaliwa, akitoka inakufa. Nikajipongeza kwa chai na mandazi.

Siku ya majaribio nikaandamana naye. Boma la kwanza, ng'ombe mmoja, hana mimba, haonyeshi joto la kutaka dume. App ikapendekeza sindano ya kuleta joto. Safi kabisa.

Sasa wakuu, mimi nimezaliwa huku. Najua daktari akionekana kwa jirani, kila mtu anafungua zizi lake. Ilinitokaje kichwani?

Kabla hatujaondoka, jirani wa boma hilo, Mama Imali, akapenya kwenye ua akivuta ng'ombe wake mwekundu. Boma lile lile, kwa hiyo rekodi bado iko hai.

Daktari akaandika jina jipya. Screen ya hali ikaja imeshajazwa: hana mimba. Screen ya dawa: sindano ile ile. Akavuta dawa kwenye sirinji, mimi natabasamu nikidhani ni speed.

"Dakitari, hiyo ni ya minyoo?"

"Ni ya kuleta joto, mama."

"Wooi! Na huyu iko na mimba ya miezi tano!"

Sindano hiyo ingeitoa mimba. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Daktari akaweka sirinji chini, akanitazama. "Mimi napimanga na mkono kwanza. Leo nikaamini simu yako."

Niliomba kigoda, laptop magotini, nikahamisha scope kutoka boma kwenda kwa ng'ombe. Mistari michache tu! Akiandikwa ng'ombe mpya, rekodi ya zamani inakufa na vyote vilivyoning'inia kwake. Tukajaribu kwa ng'ombe wengine wanne wa majirani, kila mmoja akaanza na ukurasa mtupu. Daktari bado alipima kila mmoja kwa mkono, na alifanya vizuri.

Funzo nililopata: usipange scope kwa kuangalia screen zako. Angalia kazi yenyewe inamhusu nani, na inaisha lini. Kuuliza si ujinga.

Juzi Mama Imali amenipigia. Ng'ombe wake amezaa, ndama jike.

"Kuja uone mtoto wewe ulitaka kuua," akasema, akacheka mpaka na mimi nikacheka. Naenda Jumamosi, nimefurahi kuliko siku niliyolipwa.

Haya, nyinyi scope gani imewahi kuwaaibisha mbele ya watu? Semeni, nisichekwe peke yangu.